Mturuki Mwenye Masikio ya Mwanakhamis

Sehemu ya Saba

Mkono wa Mwanaasha ulikuwa bado umeshika ncha ya shuka. Ndipo tulipomwacha wiki iliyopita, na najua mlivyonisema, maana wawili wenu walinisimamisha kwa kinyozi, na mama mmoja wa Ngamiani akaninyima hata salamu. Haya basi, tuendelee kabla sijanyimwa na chai.

Kwa aliyelikosa gazeti: Mwanaasha binti Bakar ni mshonaji wa mtaa wa Mabawa. Ameitwa na bibi wa Kizungu, Bibi Egger wa shamba la mkonge la Kwamsala, aje afumue foronya za mito, kwa sababu bibi huyo mjane anauza vitu vya nyumba arudi kwao Uswisi. Ndani ya nyumba mna chumba kiitwacho chumba cha Kituruki. Mlangoni pake wamesimama Waturuki wawili wa mti, mke na mume, kimo cha mtu mzima, kila mmoja ameshika taa. Wote walikuwa wamefunikwa mashuka. Mwanaasha akamfunua yule wa kike hadi mabegani, na uso aliouona ni wa mama yake mzazi.

Mama mwenyewe, Bi Mwanakhamis, yuko kaburini, na arobaini yake haijasomwa.

Sasa nyinyi mlitaka apige ukelele, azirai, amwagiwe maji. Hakuzirai. Mimi siandiki machozi ya kuazima. Tangu siku ya mazishi binti huyu hakusikia kitu. Chakula kilikuwa kinapita tu kooni. Asubuhi ile ile sindano ilikuwa imemchoma kidole cha mkono wa kushoto, akaona tone la damu kwenye mto wa Mzungu ndipo akajua amechomwa.

Basi alisimama akamtazama mama yake wa mti kama mtu anayetazama duka lililofungwa.

"Umemwona Mturuki wetu," ilisema sauti nyuma yake.

Alikuwa Dorkasi, mpishi wa nyumba ile, mwanamke wa Maramba, mnene, mwenye kitambaa cheupe kichwani na mikono yenye unga.

"Huyu alitoka wapi, dada Dorkasi?"

"Ulaya, kwa meli. Ndivyo ninavyoambiwa. Marehemu Bwana alikuwa na wazimu wa Waturuki. Tazama humo ndani."

Mwanaasha akatazama. Mlikuwa na Mturuki wa shaba aliyebeba saa tumboni. Mlikuwa na Mturuki wa kaure ambaye kilemba chake ni kifuniko cha bakuli la sukari. Mguu wa meza ulikuwa Mturuki aliyepiga magoti.

Nisimame hapa kidogo niwaambie jambo. Huko Ulaya ulikuwako wakati Sultani wa Waturuki akikohoa watu wanafunga milango ya miji. Zama zile walimchora Mturuki kama shetani. Baadaye, walipoacha kumwogopa, wakampa taa ashike. Wakamweka kwenye saa, kwenye vinara, kwenye birika za kahawa, na wengi wa waliomchonga hawakuwahi kuiona Istambuli hata kwa mbali. Bwana Egger naye hakuwahi kufika. Alitoka Uswisi akaja moja kwa moja kwenye mkonge wa Tanga, na Uturuki wake wote alikuja nao kwenye makasha.

Tumalize hapo, maana Dorkasi ananawa unga na anataka kusema.

"Mbona umemkodolea macho hivyo?"

"Tazama sikio," alisema Mwanaasha.

"Lina nini?"

"Tundu tatu juu, na chini kwenye ndewe tundu pana la kutia pambo la jasi. Wanawake wa Kituruki wanatoga hivyo?"

"Miye nitajuaje? Mimi Mlutheri wa Maramba."

"Hilo la kushoto ndewe yake imepasuka. Unaona? Nilimpasua miye, nilipokuwa nanyonya. Nilivuta jasi. Huyu ni mama yangu, dada."

Dorkasi akamtazama Mturuki, akamtazama Mwanaasha, akakaa kwenye kasha la vyombo.

"Yule uliyemzika?"

"Yule niliyemzika."

Kisha Dorkasi, ambaye si mtu wa kunyamaza sana, akauliza lile ambalo Mwanaasha alikuwa anazunguka zunguka asilifikie.

"Aliyechonga masikio hayo alimwona mama yako kichwa wazi. Nani huyo?"

Bi Mwanakhamis alikuwa mtu wa Pemba, mke wa mwalimu wa chuo cha Kurani, na nje ya mlango wake hakuna aliyeujua hata unywele wake mmoja. Na shuka lilikuwa limeishia mabegani. Chini ya mabega hakutaka kujua. Aliwaona Waturuki wa kike wadogo wadogo wa humo chumbani, wa shaba na wa kaure, na hakuna hata mmoja aliyevaa nguo ya kutosha.

"Anapelekwa wapi huyu, na lini?" aliuliza.

"Leo. Uweso dalali anakuja na lori. Vitu vingine vinakwenda mnadani, ila hawa wawili wameshapata mtu. Hoteli mpya inayofunguliwa karibu na bandari. Watasimama mlangoni pa baa."

Basi hapo ndipo jambo lilipofika, wasomaji wangu. Mama yake Mwanaasha, ambaye hawezi tena kujisemea, angesimama mlangoni pa ulevi na taa mkononi, na mji mzima ungepita hapo. Na baba yake, Mwalimu Bakar, angesikia.

Mwanaasha akarudisha shuka, akaenda kwa Bibi Egger.

Bibi alikuwa barazani, amekaa kwenye kiti cha ukindu, fimbo imeegemea goti lake. Alikuwa mkavu, mweupe, mwenye Kiswahili cha shambani kilichonyooka.

"Memsabu, yule Mturuki wa kike ni nani?"

Bibi akaishika fimbo yake. "Mturuki tu."

"Nataka kumnunua."

"Ameshauzwa. Nimetoa neno." Akamtazama vizuri. "Kwa nini unamtaka?"

Akisema kwa nini, amekwisha kumtaja mama. Akinyamaza, mama anakwenda baa.

"Nimempenda tu," alisema.

Bibi Egger akainuka polepole, akaingia ndani, akarudi na Mturuki mdogo wa shaba aliyepakwa rangi, yuko juu ya zulia anasali. "Chukua huyu. Zawadi. Nyinyi watu wa kusali."

Mwanaasha akampokea. Yule Mturuki alikuwa anasali na viatu miguuni, amelikanyaga zulia navyo. Akamshukuru bibi, na alipopita chumbani akamweka Mturuki wa viatu juu ya meza, pole pole, asimwudhi mtu.

"Amekataa?" aliuliza Dorkasi.

"Amekataa. Kishoka cha kuni kiko wapi?"

"Cha nini?"

"Niutoe uso."

Dorkasi akasimama mlangoni pa jiko, akauziba mlango mzima. "Ukimkata uso nitaulizwa miye. Nyumba hii imebakiwa na mtu mmoja wa kuulizwa."

"Sema nimekusukuma."

"Wewe? Unisukume mimi?" Dorkasi alimtazama kutoka kichwani mpaka miguuni, na kwa kweli hata hasira ilimshinda. Akasogea. "Kiko nyuma ya jiko. Ila wa kiume usimguse."

"Kwa nini?"

"Bibi hataki aguswe. Tangu niajiriwe sijampangusa hata vumbi. Ati ana mtu wake wa kumpangusa. Na siku huyo mtu wake anapokuja, mimi napewa ruhusa niende Maramba kwa ndugu zangu. Wazungu wana mambo."

Mwanaasha alikuwa hasikilizi. Alikuta kishoka, akakishika kwa mkono wa kushoto.

Hilo la mkono niwaeleze. Bi Mwanakhamis alikuwa mtu wa shoto, na binti akafuata. Lakini mjue mji wetu: mkono wa kushoto haumpi mgeni chakula, haumkabidhi mtu kitu, na mwanamke akionekana anapakua kwa shoto jina lake linafika Pangani kabla wali haujapoa. Basi mama yule alikuwa na mikono miwili ya nyakati mbili. Mlango ukifungwa, alikuna nazi kwa shoto, alifuma kwa shoto, alikata kwa shoto, haraka na vizuri. Mtu akipiga hodi, mwiko ulihama mkono. Mwanaasha alikua akiuona mwiko ule unahama, akajifunza kuuhamisha wa kwake.

Leo hakuhamisha. Alivuta shuka mpaka mabegani kama mara ya kwanza, akainua kishoka, akatafuta pa kuanzia. Pua, au mdomo. Mama alikuwa anatabasamu upande mmoja, kama alivyokuwa akifanya mtu akimdanganya.

Kishoka kikakaa hewani.

"Piga basi," alisema Dorkasi, ambaye alikuwa amefumba macho.

"Sisikii kitu, dada. Nilidhani nitaona uchungu. Au hofu. Mkono wenyewe nauona kama wa mtu mwingine."

"Basi teremsha."

"Kuteremsha nako sijui."

Hapo lori likanguruma uani. Milango ikagonga. Ikasikika sauti ya Uweso dalali, ambayo huhitaji kumjua ili uisikie: "Wenye nyumba! Nimekuja na watu wa kubeba, na nimekuja na mgeni!"

Uweso ni mtu wa Mabawa pia. Anamjua kila mtu, na kila mtu anajua alichokijua Uweso kabla ya alasiri. Ukitaka jambo lisifike mjini, usimwambie Uweso, na usimwambie aliyesimama karibu na Uweso.

Mwanaasha akamfunika mama. Kishoka kilibaki mkononi.

"Mgeni gani?" alinong'ona Dorkasi.

Mgeni aliingia anapapasa ukuta. Alikuwa mzee mrefu, kanzu imeoshwa vizuri, kofia ya viua, macho yote mawili yameingia ukungu wa mtoto wa jicho. Alikuwa Mwalimu Bakar.

Wiki nyingine ningewaachia hapo hapo mkeshe. Leo nina huruma.

"Shikamoo baba," alisema Mwanaasha, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Marahaba. Kumbe Mzungu wako ndiye huyu?" Mzee hakushangaa sana. "Uliniaga unakwenda kushona, hukusema kwa nani."

"Amenisimamisha njiani pale Mabawa," alidakia Uweso kutoka nyuma, mtu mfupi mwenye koti zito kwenye joto lile. "Kusikia tu nakwenda Kwamsala, akapanda mbele kabla sijamkaribisha. Mwalimu, kuna nini huku?"

"Kuna vitanda vya kupakia," alisema mzee. "Nenda kapakie."

Uweso akaenda, kwa sababu Mwalimu Bakar alimfundisha alifu na viboko vyake anavikumbuka. Lakini masikio yake yalibaki mlangoni.

"Baba, umefuata nini?"

"Nimekuja kumchukua mama yako."

Dorkasi alikaa tena kwenye kasha.

"Unajua," alisema Mwanaasha.

"Nisijue kitu nilichokichonga kwa mkono wangu?"

Msininunie. Mliniambia mwalimu wa chuoni hawezi kuwa na siri. Mimi sikusema kitu, nilikunywa chai yangu.

Mzee akaweka mkono juu ya shuka, mahali kichwa kilipo, akauacha hapo. Akasimulia kwa sauti ile ile anayosomeshea watoto, haipandi wala haishuki.

"Kabla ya chuo nilikuwa mchonga milango. Unalijua hilo. Wewe ulikuwa unatambaa. Bwana wa hapa akaniita. Alikuwa ameagiza Waturuki wawili wa chokaa kutoka kwao, wa kusimama mlangoni. Meli ikawapiga piga, makasha yalipofunguliwa viwiliwili vimepasuka na vichwa ni unga. Akanipa magogo mawili ya mvule, akasema nichonge kama wale. Nikamwambia, Bwana, sisi tunachonga maua na minyororo, hatuchongi mtu. Akasema, huyu si mtu, huyu ni Mturuki."

"Ukakubali."

"Nilikuwa na mtoto anatambaa. Nikakubali. Kwenye mwili nilifuata vipande vya chokaa. Nilipofika kichwani, hakuna kichwa. Nikamwuliza Bwana, uso wake ukoje? Akasema weka wowote, Mturuki ni Mturuki." Mzee alilipapasa shuka. "Sasa mimi wa kike gani nimjue uso? Nimwangalie mke wa nani? Nilikuwa na mmoja tu aliyekuwa halali yangu kumtazama mpaka nikachoka. Patasi ikaenda yenyewe. Nilipofika masikioni sikufikiri hata. Sikio la mwanamke mimi nalijua hivyo, na tundu zake."

"Na mwili, baba?" aliuliza Mwanaasha. "Hao wengine humo chumbani wako uchi."

"Mfunue."

"Siwezi."

"Mfunue, mwanangu."

Hakusogea. Dorkasi ndiye aliyeinuka, akavuta shuka lote likaanguka.

Mturuki wa Kwamsala alivaa suruali pana ya Kituruki na viatu vya ncha iliyopinda. Hayo yalitoka kwenye chokaa. Lakini kuanzia kifuani alikuwa amejifunga kanga. Kanga ya mti, na pindo lake, na fundo lake chini ya kwapa, hata mkunjo wa kitambaa kilichovaliwa kutwa nzima. Taa aliishika kwa mkono wa kushoto.

"Wa chokaa alikuwa wazi," alisema mzee. "Nikamwambia Bwana, huyu wangu anaona baridi. Akacheka, akaacha."

Mwanaasha aligusa fundo la kanga. Alijua amegusa kwa kuwa aliona kidole chake hapo.

"Mama alijua?"

"Nilirudi nyumbani najisifu. Nikamwambia, leo nimekumaliza. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaniuliza, 'Umenisimamisha kwa Mzungu nimshikie taa?' Kesho yake nilikuja hapa, nikaviacha vyombo vyangu vyote na lile gogo la pili, nikamwambia Bwana sichongi tena. Mama yako akakubeba mgongoni, akasema anakwenda Mwera kwa shangazi yake. Akakaa mwezi mzima. Aliporudi hatukulitaja tena jambo hili. Maisha yote hatukulitaja."

Mlangoni kitu kilianguka. Uweso alikuwa amesimama hapo na mguu wa kitanda chini ya miguu yake. Alikuwa anautazama uso wa Mturuki.

Hakuna aliyemzuia. Tena wangemzuiaje.

"Bi Mwanakhamis," alisema.

Mwanaasha akageuka na kishoka. Dorkasi akafumba macho tena.

"Uweso," alisema Mwalimu Bakar, "umeona nini?"

Uweso alivua kofia. Mji mzima ungelipa kuona jambo hili, Uweso anatafuta neno. "Nilipokuwa mdogo, mwalimu, nikipigwa chuoni, nilikuwa nazunguka uani kulia. Alikuwa akinipa andazi. Kwa mkono ule." Akaonyesha mkono wa taa. "Ananiambia, usiseme nimekupa kwa shoto."

"Hukusema?"

"Hilo moja sikusema."

Mnaona? Mtu humjui. Mimi mwenyewe nilikuwa nimempangia Uweso ubaya mkubwa wiki hii, akanikatalia.

"Basi haendi baa," alisema Mwanaasha.

"Memsabu ametoa neno, na mimi nimepokea." Uweso alijikuna. "Naweza kuwaambia mchwa wamemwingia. Lakini watu wa hoteli wanataka jozi. Nikipeleka mume peke yake wataniuliza mke wake yuko wapi. Tumwone kwanza huyo mume."

"Huyo haguswi," alisema Dorkasi.

Uweso alikuwa ameshavuta shuka.

Mturuki wa kiume alikuwa na kilemba kikubwa kama kikapu, masharubu yaliyopinda juu, na jambia kiunoni. Aliishika taa kwa mkono wa kulia, kwa nguvu, mabega yamepanda, kama mtu aliyeamrishwa. Mti wake uling'aa. Yule wa kike alikuwa amekauka na vumbi limemwingia kwenye mikunjo ya kanga, lakini huyu alikuwa amepakwa mafuta mwaka hadi mwaka.

Dorkasi akamtazama Mturuki. Akamtazama Mwalimu Bakar. Akarudia tena.

"Nini?" aliuliza mzee. "Mbona mmenyamaza?"

"Baba," alisema Mwanaasha, "njoo ushike."

Akamshika mkono, akamwekea kwenye uso wa mti. Vidole vya mzee vilipita kwenye masharubu vikayadharau. Vikapanda puani, kwenye ile nundu ya pua iliyovunjwa na mpira wa utotoni. Vikaenda kwenye nyusi zilizoungana. Vikasimama kwenye kovu dogo la kidevuni. Mkono wake mwingine ukapanda ukashika kidevu chake mwenyewe.

"Mimi nilichonga mmoja tu," alisema.

"Huyu ni wewe, baba. Wewe kijana."

"Mimi nilichonga mmoja tu. Gogo la pili nililiacha zima."

Akaanza kumpapasa Mturuki upya, sasa si uso bali kazi yenyewe: mapindo ya kilemba, mgongo, mahali patasi ilipoacha alama zake. Alienda na alama moja, akarudi, akaenda na nyingine. Alikuwa anasoma kwa vidole, na midomo yake ilikuwa inakwenda.

"Mikato inaanzia upande wa pili," alisema. "Yote. Aliyeshika patasi hii ni mtu wa shoto."

Uweso alivuta pumzi.

"Milango yangu," alisema mzee. "Maua ya milango yangu yote, nusu alinimalizia yeye uani, mlango umefungwa, watu wasijue. Mkono wake naujua. Mwezi ule hakuwa Mwera."

"Hakuwa Mwera," ilisema sauti mlangoni.

Bibi Egger alikuwa amesimama na fimbo yake. Sijui alikuwa hapo tangu lini, na hakuna aliyemwuliza.

"Bwana Uweso, rudisha shuka. Nimeuza mmoja, wewe umesikia wawili. Huyo wa kiume hauzwi. Ana mwenyewe."

"Nani mwenyewe, Memsabu?" aliuliza Uweso.

"Fundi wake." Bibi akaingia, akakaa kwenye kiti cha Kituruki chenye miguu ya Waturuki waliopiga magoti. "Alikuja hapa na mtoto mgongoni, akataka kuona. Akajitazama muda mrefu. Halafu akaviona vyombo vya mumewe na lile gogo. Akamwambia mume wangu, 'Kanisimamisha mimi, basi na yeye asimame.' Alifanya kazi mwezi mzima. Mtoto alilala kwenye mito hii."

Mwanaasha akaitazama mito aliyokuwa anaifumua tangu asubuhi. Mmoja ulikuwa na tone la damu yake.

"Aliniapisha nisiseme," aliendelea Bibi. "Kila mwaka, kabla ya mwezi wenu wa kufunga, huja na chupa ya mafuta ya nazi. Humpaka huyu uso, humsema kidogo, sijui anamwambia nini. Tunakunywa kahawa. Anakwenda zake. Nilimwambia nikiondoka itakuwaje. Akasema, yule wa kike uza, mimi nimezeeka, hakuna atakayenijua, na nimechoka kusimama. Lakini huyu usimpe mtu. Nitakuja kumchukua mimi, nimpeleke nyumbani, nimwonyeshe mume wangu."

Mwalimu Bakar hakuwa ameondoa mkono. Kiganja chake kilikuwa kwenye shavu la mti, kwenye mafuta.

"Siku ya lori imetangazwa gazetini, nikajua atasikia," alisema Bibi Egger. "Nimemngoja juzi, nimemngoja jana. Ramadhani inaingia na hajaja kumpaka mafuta."

Macho yake yakaenda kwa Mwanaasha, yakashuka mpaka kwenye kishoka, kwenye mkono wa kushoto uliokishika. Uso wake mkavu ukalegea.

"Kumbe ni wewe yule mtoto," alisema. "Umekua. Sasa mama yako yuko wapi? Mbona hamkuja naye?"

Uweso alitazama sakafu. Dorkasi alishika mdomo. Mzee alikuwa amegeuzia watu mgongo.

Mabawa nzima ilijua. Walikuja wenyewe, walikaa mkekani, walikula, walitoa pole wakaenda zao, na katika wote hao hakuna aliyemwuliza Mwanaasha swali hili. Alikuwa hajawahi kusema kwa kinywa chake kwamba mama amefariki, hata mara moja, kwa mtu asiyejua.

Akaweka kishoka juu ya meza, karibu na Mturuki mwenye viatu. Akafungua kinywa amjibu bibi.

Na kile kidole, kilichochomwa na sindano asubuhi, ndipo kilipoanza kumuuma.